Maji ya kisima: Kwa nini ukichemsha chumvi haiondoki

Maji ya bomba yakikatika Magomeni, dumu la lita 20 linakuja na toroli kutoka kisimani, na swali la mnunuzi huwa ni moja: ya chumvi au baridi? Yakiwa ya chumvi, wapo wanaoyabandika jikoni wakiamini kwamba yakichemka sana chumvi itapungua. Haipungui. Inazidi kukolea, na mkaa umeungua bure.

Sababu yake ipo kwenye somo la kemia la sekondari, ile mada ya kampaundi za ioni ambayo wengi tuliikariri kwa ajili ya mtihani tu.

Chumvi ya mezani ni sodiamu na klorini. Sodiamu peke yake ni metali laini inayokatika kwa kisu, na ukiitupia maji inaweza kulipuka. Klorini ni gesi ya sumu. Atomu ya sodiamu ina elektroni 11, zimepangwa 2, 8 na 1. Klorini ina 17, yaani 2, 8 na 7. Ile moja ya nje ya sodiamu inahamia kwa klorini. Aliyetoa anabaki na chaji chanya, aliyepokea anakuwa na chaji hasi, na sasa haziitwi atomu tena bali ioni. Chanya na hasi zinavutana. Mvutano huo ndio kifungo cha ioni.

Hapo wanafunzi wengi huchora sodiamu moja na kloraidi moja kama mume na mke, wamemaliza. Ndani ya punje ya chumvi hakuna ndoa ya namna hiyo. Kila sodiamu imezungukwa na kloraidi 6, na kila kloraidi na sodiamu 6, juu, chini na pembeni. Kuzivunja si kazi ndogo: chumvi inayeyuka kwenye nyuzi joto 801.

Maji ni kitu kingine. Oksijeni na hidrojeni ndani yake zinachangia elektroni, hakuna aliyempa mwenzake moja kwa moja. Molekuli za maji zinashikana kidogo tu, kwa hiyo kwenye nyuzi 100 zinaachana na kuruka kama mvuke. Upande wa oksijeni una uhasi kidogo na upande wa hidrojeni una uchanya, ndiyo maana maji huizunguka ioni moja moja na kuing'oa kwenye punje. Tunasema chumvi imeyeyuka, lakini haijaenda popote. Ukichemsha, maji yanaruka na ioni zinabaki sufuriani. Lita 5 zikibaki 4, kila lita sasa ina chumvi robo zaidi ya mwanzo.

Wanaotengeneza chumvi wanajua hilo siku nyingi. Uvinza, mkoani Kigoma, watu walichemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa karne nyingi ili wapate chumvi. Bagamoyo jua ndilo linalofanya kazi hiyo kwenye mashamba ya chumvi.

Lakini mbona kuna ukoko mweupe kwenye birika? Hapo ndipo imani ya kuchemsha inapopata nguvu, mtu anaona weupe anasema chumvi imetoka. Ule kwa kawaida ni chokaa, yaani kalisiamu kaboneti. Kalisiamu iliyokuwa imeyeyuka ikipata moto inageuka kuwa kampaundi isiyoyeyuka kwa urahisi, inaganda. Sodiamu na kloraidi hazimo kwenye mchezo huo.

Kalisiamu hiyo hiyo ndiyo inayofanya sabuni ya mche ikatae kutoa povu. Ukitia magadi kidogo kwenye maji ya kufulia, kaboneti yake inaikamata kalisiamu na kuishusha chini, sabuni inafanya kazi. Ni kwa kufua, si kwa kunywa, maana magadi yenyewe yanaongeza sodiamu.

Shabu ya Kariakoo nayo inasingiziwa mengi. Chembe za tope zina chaji hasi, zinasukumana, ndiyo maana hazitulii. Ioni ya aluminiamu kwenye shabu ina chaji chanya 3. Inaondoa ule msukumano, chembe zinashikamana na kuzama. Maji yanang'aa kweli, ila ukiyaonja chumvi iko pale pale.

Kwa jiji la pwani kama Dar, chumvi kisimani si ajabu. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, na visima vya karibu vikivutwa kupita kiasi, bahari inajipenyeza chini kwa chini. Baada ya ukame wa 1997 vilichimbwa visima vingi, na Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipopungua na DAWASA ikaanza mgao, wengi walirudi huko huko. Ulimi huanza kuonja kloraidi ikifika miligramu 250 hivi kwa lita.

Kuchemsha usiache, lakini. Magomeni iko kando ya Bonde la Msimbazi, vyoo na visima vinakaa jirani, na moto unaua vijidudu vya kipindupindu. Ila mwenye presha aliyeambiwa apunguze chumvi ajue kwamba hata maji yaliyochemshwa anapaswa kuyahesabu.

Kinachotoa chumvi ni mashine zinazosukuma maji kwa nguvu kupita kwenye utando mwembamba, au kukinga mvuke wenyewe ukipoa. Ukichanganya na maji ya bomba, ukali unapungua. Na masika yakija, mvua haina chumvi ya kuhangaika nayo: ni mvuke ulioiacha baharini. Mvua ya kwanza iachie ioshe bati, halafu ndiyo utege ndoo.