Mstari wa Pili

Novemba 1880, katika hospitali ya kijeshi mjini Constantine, Algeria, daktari Mfaransa Alphonse Laveran aliinamia hadubini yake. Ndani ya damu ya askari mgonjwa aliona vitu vyembamba kama nyuzi vikichapachapa. Vilikuwa hai: vimelea vya malaria. Kwa zaidi ya miaka 100 baadaye, aliyetaka kuthibitisha malaria ilimbidi akione kimelea kwa macho yake.

Kukiona kwataka hadubini, mwanga, rangi ya Giemsa na mtu asiyechoka kukodoa macho. Zahanati ngapi za vijijini zilikuwa navyo? Basi kila homa ikaitwa malaria, mgonjwa akapewa klorokwini, akaenda zake.

Mwaka 1993 Shiff, Premji na Minjas walichapisha majaribio ya kipimo cha haraka waliyofanya Tanzania. Hakikutafuta kimelea chenyewe bali protini kinayoimwaga kwenye damu, HRP2. Siku hizi muuguzi hukufuta kidole kwa spiriti, hukuchoma, huchukua tone dogo la damu na kuliweka kwenye kitundu cha kibao cha plastiki, kisha hudondosha dawa kwenye kitundu cha pili. Damu hutambaa polepole juu ya utepe. Mstari wa C ukitokea, kipimo ni kizima. Wa T ukitokea pia, una malaria. Rangi ya mistari hiyo, niliposoma nilishangaa, hutokana na chembe za dhahabu.

Kipimo hiki kilihitajika kweli. Mwaka 2004 ilichapishwa taarifa ya hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania: kati ya wagonjwa zaidi ya 4,000 waliotibiwa kwa malaria kali, chini ya nusu walikuwa na vimelea. Mwaka 2010 WHO ikashauri kila anayeshukiwa apimwe kwanza. Hata hivyo, wengi waliokosa mstari wa pili waliendelea kupewa dawa. Siwalaumu wahudumu. Mama amebeba mtoto anayechemka. Ukimwambia "hana malaria" bila kumwambia ana nini, hujamjibu.

Mwaka huohuo wa 2010, watafiti waliripoti kutoka Peru vimelea visivyo na jeni ya HRP2. Kwa kipimo kinachotegemea protini hiyo, mwenye vimelea vya namna hii huonekana hana kitu, anaweza kurudi bila dawa, na mbu humnyonya na kuvisambaza. Kufikia 2016 vilikuwa vimejaa Eritrea, na nchi hiyo ikabadili kipimo: ikachukua kinachosaka pLDH, kimeng'enya ambacho kimelea hukitumia kupata nguvu.