Bendi ya Chemirocha

Watu wakizungumza juu ya bendi za Kericho, wengi huanza na Kipchamba arap Tapotuk na Koilong'et Band. Mimi hurudi nyuma zaidi, hadi 1950, kwa kundi lisilokuwa na gitaa wala jina la bendi.

Mwaka huo Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alifika Kapkatet, upande wa Bureti. Sisi wa Kiptere tuko upande wa Sigowet, lakini lugha ni hiyo hiyo na nyimbo ni zile zile. Kati ya alizorekodi, tatu zilimtaja mtu mmoja: Chemirocha.

Huyo Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi, Marekani, aliyewahi kufanya kazi kwenye reli. Kifua kikuu kilimuua mwaka 1933. Sauti yake ilifika huku kwa santuri. Kikipsigis hakitenganishi "j" na "ch", kwa hivyo Jimmie akawa Chemi, na Rodgers akawa Rocha. Ukisikia jina hilo likiitwa sokoni, wala hutageuka: kina Chemutai na Chelangat wamejaa kila boma.

Wimbo wa tatu ndio uliovuma. Kinubi chetu, chepkong', kinadunda taratibu na wasichana wanaimba. Katika maelezo ya Tracey, Chemirocha amekuwa nusu mtu nusu swara, na wasichana wanamhimiza aruke kwa kucheza mpaka nguo zimtoke. Hebu fikiria: mgeni aliyekufa miaka 17 nyuma, na mabinti wa Kapkatet wanamtania kama shemeji!

Kundi kama hilo halikutafutwa kwa tangazo. Safu yake ilikuwa ni nani anaujua wimbo, nani ana sauti ya kuanzisha, nani wataitikia, na kinubi kiko wapi. Ukikosekana wewe, mwenzako anaingia. Hapo ndipo shida yangu inapoanza, kwa sababu santuri haijui mambo ya kuingia na kutoka. Inashika waliokuwepo siku hiyo, basi. Na waliokuwepo waliandikwa hivi: Chemutoi Ketienya na wasichana wa Kipsigis. Mmoja ana jina. Waliobaki ni kabila.

Mwaka 2015 maktaba ya muziki ya ILAM, aliyoianzisha Tracey mwenyewe na ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi kuzirudisha rekodi hizo Kapkatet. Wazee waliokuwepo 1950 walipatikana. Hesabu mwenyewe: binti wa miaka 15 siku ile alikuwa sasa nyanya wa miaka 80. Sauti yake ilikuwa imezunguka dunia miaka 65 bila jina.

Siku hizi vijana wetu wanarekodi kwenye vistudio vya madukani, na bado naona mtindo ule ule: "fulani na kundi lake". Jamani, kabla wimbo haujapanda YouTube, andikeni wote. Aliyepiga kinanda, aliyeitikia, hata yule aliyeingia siku moja tu kwa sababu mwenzake alikuwa zamu ya kuchuma majani chai. Ni dakika mbili za kuandika, na nyanya mmoja hatatafutwa miaka 65.