Posho ya Mtumishi na Msimu wa Korosho: Masasi na Newala tangu 1876

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu ya Waanglikana wa Uingereza, alitoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Walishuka Lindi, wakapanda bara kwa miguu. Nia ilikuwa kuwasogeza kuelekea nchi za Ziwa Nyasa, walikotoka wengi wao. Walipofika Masasi, chini ya yale majabali yanayoonekana kutoka mbali, waliiona nchi kuwa njema wakaomba kubaki. Steere akakubali. Hivyo ndivyo kanisa la Masasi lilivyoanza.

Sisi Walutheri hatukuwepo. Historia ya Masasi na Newala ni ya ndugu zetu Waanglikana, na kwa upande wa Ndanda ni ya Wabenediktini waliofika mwaka 1906. Hata leo sharika zetu huko ni chache na changa. Lakini sisi tunaofundisha chuo cha teolojia tumeona kwamba historia hiyo ya majirani inaeleza jambo linalotusumbua wote: kwa nini mtumishi wa Mungu anakopa kimyakimya, na kwa nini usharika wake hautaki kusikia habari hiyo.

Turudi 1876. Watu wale walikuwa wametoka utumwani. Hawakuwa na mashamba, hawakuwa na ukoo wa kuwasaidia mwaka wa njaa, hawakuwa na mifugo. Ilikuwa haki kabisa misheni iwatunze mpaka wasimame. Vitu vya misheni vilipanda kutoka pwani vichwani mwa wapagazi, na fedha ya bara siku zile ilikuwa nguo: merikani na kaniki zilizopimwa kwa mkono na kwa doti. Nguo hizo zilinunua chakula na kulipa kazi. Kwa hiyo kanisa lile lilijifunza tangu siku ya kwanza kwamba riziki ya mtumishi huja kwa njia ya Lindi. Hakuna aliyelifundisha somo hilo kwa maneno. Liliingia kwa mazoea, na mazoea ya namna hiyo ni magumu kung'oa kuliko mafundisho.

Mwaka 1882 Magwangwara, yaani Wangoni, waliishambulia Masasi. Nyumba zikachomwa, watu wakachukuliwa mateka, na kazi ikahamia kwa muda Newala, juu ya nyanda za Wamakonde, katika nchi ya chifu Matola wa Wayao. Chauncy Maples, ambaye baadaye alikuwa askofu, ndiye aliyeiongoza kazi ya Newala miaka hiyo.

Katika nchi hiyo ndipo alipotumika Cecil Majaliwa, na kwake tunataka kukaa kidogo. Alikuwa mtoto aliyeokolewa utumwani, akasomeshwa Kiungani huko Zanzibar, kisha akapelekwa Canterbury, Uingereza. Alifanywa shemasi mwaka 1886, na mwaka 1890 akapewa upadri, Mwafrika wa kwanza katika UMCA. Aliwekwa Chitangali, kwa chifu Nakaam, na chini yake kanisa lilikua, shule zikafunguliwa, na chifu mwenyewe akabatizwa kwa jina la Barnaba. Mwaka 1897 akarudi Zanzibar.

Tukumbuke utaratibu wa misheni aliyoitumikia. Wamishenari wa UMCA hawakuwa na mshahara. Walipewa matunzo na fedha kidogo ya mkononi, na kwa kawaida hawakuwa na mke wala watoto. Walikula meza moja na kulala nyumba ya misheni. Ulikuwa utaratibu wa heshima, wa watu waliojitoa kweli. Lakini Majaliwa alikuwa na mke na watoto, na watoto walihitaji shule. Mpango mzima wa matumizi ulikuwa umepangwa kwa ajili ya kapera. Padri Mwafrika alipoingia humo na nyumba iliyojaa watu, alionekana kama mwenye mahitaji mengi mno, kumbe ni mpango ulikuwa na nafasi ndogo mno. Tunadhani hukumu hiyo haijakwisha. Hata sasa kuna wazee wa kanisa wanaomwona mchungaji anayeuliza habari ya karo za watoto wake kuwa amepungukiwa na imani.

Kwetu Walutheri kosa lilikuja kwa mlango mwingine. Wamishenari wetu wa Kijerumani wengi walikuwa na familia, nyumba kubwa ya mawe, na mshahara kutoka nyumbani kwao. Wachungaji wetu wa kwanza waliingia katika kazi ile ile bila mshahara ule. Vita vya 1914 vilipowaondoa Wajerumani, na tena mwaka 1940, misheni zile zikaachwa kama yatima, na waliobaki nazo ni wachungaji, walimu na wazee wa hapa hapa. Upande wa Masasi mambo yalikuwa yamegeuzwa tu: mwaka 1914 waliokamatwa ni Waingereza, kwa sababu nchi ilikuwa ya Mjerumani. Fedha ya Uingereza isingeweza kupita katikati ya vita. Mapadri na walimu Waafrika waliendelea na kazi wakiwa na jembe na ukarimu wa waumini, katika nchi ambayo miaka tisa tu kabla ilikuwa imepitiwa na Maji Maji, na misheni ya Masasi kuchomwa moto mara ya pili.

Basi kanisa halikufa. Hilo linapaswa kutushangaza zaidi ya linavyotushangaza. Kila mara mkono wa nje ulipokatika, mikono ya ndani ilionekana. Na kila mara njia ya bandari ilipofunguliwa, mikono ya ndani ilirudi mfukoni. Hatusemi hivi kwa kuwalaumu wazee wetu, nani asingepokea?

Baada ya vita iliingia fedha ya namna ya tatu, nayo haisemwi sana. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya Mwingereza ilitoa ruzuku kwa shule za misheni zilizofikia kiwango. Mwalimu wa kijiji mara nyingi ndiye aliyekuwa mwinjilisti: Jumatatu alifundisha hesabu, Jumapili alisoma ibada. Masasi, iliyofanywa dayosisi mwaka 1926 chini ya Askofu Vincent Lucas, ilikuwa na shule nyingi za vijijini. Kwa hiyo sehemu ya kazi ya Injili ilibebwa na bajeti ya elimu. Shule zilipotaifishwa kwa sheria ya mwaka 1969, mwalimu akawa mtumishi wa serikali. Ulikuwa uamuzi wenye sababu zake, kwa kuwa watoto wa Kiislamu na wa dini za jadi walistahili shule kama wa Kikristo. Ila kanisa la kijijini liliamka asubuhi likiwa na ibada ile ile bila mtu wa kumlipa aliyeiongoza. Ndipo lilipolazimika kuugeukia mkorosho.

Na mkorosho una tabia zake. Msomaji wa Newala, Tandahimba au Masasi hahitaji kuambiwa, lakini kitabu hiki kitafika na Kilimanjaro na Bukoba pia. Fedha ya korosho haiji kila mwezi. Maua hutoka wakati wa kiangazi, mkulima anapulizia salfa kuzuia ubwiri unga, anaokota korosho kuanzia mwishoni mwa mwaka. Anazipeleka chama cha msingi, zinakwenda ghala kuu, zinauzwa kwa mnada, na baada ya makato fedha inarudi. Utaratibu huo wa stakabadhi ghalani ulianza mwaka 2007. Kati ya Novemba na Januari Newala ina fedha. Kunanunuliwa pikipiki, mabati, magodoro. Kunaandaliwa ngoma za jando na unyago, na sherehe moja inaweza kumeza mavuno ya mwaka. Ikifika Aprili mtu yule yule anakopa kilo mbili za unga.

Tena zao lenyewe si la kuaminika. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna zaidi ya tani 140,000. Watu walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa, wengi wakaiacha mikorosho yao mbali. Bei nayo ikawa mbaya, ugonjwa ukaingia, na kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Mwaka 2017/18 yakapita tani 300,000, na bei mnadani ikapanda juu ya shilingi 4,000 kwa kilo. Mwaka uliofuata wanunuzi walitoa bei ndogo, wakulima wakagoma, na Novemba 2018 serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300, jeshi likasomba mzigo. Wako waliosubiri malipo kwa miezi. Sadaka nayo ilisubiri, na mtumishi anayeishi kwa sadaka akasubiri pamoja na kondoo wake.

Sasa tuseme waziwazi linalotokea katika nyumba ya mtumishi. Dayosisi au usharika unampangia posho ya kila mwezi, kana kwamba waumini ni makarani. Desemba inalipwa, hata na malimbikizo. Machi inalipwa nusu. Mei hailipwi. Karo haingoji, mgonjwa hangoji, na mgeni wa kanisa hufika bila hodi. Mchungaji anakwenda dukani, anaandikwa kwenye daftari. Likijaa, anakwenda kwa mtu wa kangomba, yule anayetoa fedha wakati wa njaa ili alipwe kwa korosho wakati wa msimu, kwa kipimo chake na bei yake. Wengi wa watumishi wana mikorosho yao wenyewe, na wengine wameshaiuza ingali maua.

Hapo pana hatari kubwa kuliko umaskini. Mtu wa kangomba naye ni mshirika. Anakaa benchi la tatu. Siku mchungaji atakapofika kwa nabii Amosi, kwa wale wanaopunguza kipimo na kuongeza bei, atasoma upesi na kuendelea na matangazo. Usharika hautajua kwa nini mahubiri yamepoa. Deni limefunga kinywa.

Nehemia alilikuta jambo hili Yerusalemu. Aliporudi kutoka kwa mfalme aliona Walawi na waimbaji wamekimbilia mashambani, kwa sababu sehemu zao hazikutolewa. Tuangalie utaratibu wake katika sura ya 13. Hakuanza na Walawi kwa kuacha zamu. Aligombana na wakuu kwanza. Kisha aliweka watunza hazina waliojulikana kuwa waaminifu, wenye kazi ya kugawa. Wakati huohuo sheria ya Hesabu 18 haikumwacha Mlawi nje ya hesabu: katika zaka aliyopokea, naye alitoa zaka. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja, na sisi tumezoea kuchukua moja. Mahubiri ya uwakili yanaelekezwa kwenye viti tu, wakati wanaokaa vitini hawajawahi kumwona mchungaji akiingiza mkono kwenye bahasha yake mwenyewe.

Luther aliligusa hili mapema. Mwaka 1523 mji wa Leisnig huko Saksonia uliandika utaratibu wa sanduku la pamoja, naye akauandikia dibaji. Sanduku lile lilikuwa la kumlipa mchungaji, kuendesha shule na kuwatunza maskini, na lilifungwa kwa kufuli nne, kila ufunguo mikononi mwa kundi tofauti la watu. Lilikuwa wazo zuri lililokwama katika utekelezaji, maana baraza la mji halikutaka kuachia mali. Nyumbani kwake, tena, Luther hakuwa hodari wa fedha. Aliyeishika nyumba ile ni mkewe, Katharina von Bora, aliyelima, akafuga, akapika pombe na kupangisha wanafunzi. Tunapowaandaa wachungaji chuoni na kuwaacha wake zao nje ya darasa la matumizi ya nyumba, tunamfundisha asiyeshika funguo.

Mara nyingi tunaambiwa kwamba watu wa kusini hawana utamaduni wa kuweka akiba. Anayesema hivyo hajalala Newala. Juu ya nyanda zile hakuna mto. Zamani wanawake waliteremka mabondeni kufuata maji na kupanda nayo kichwani, na hata baada ya mradi wa maji wa Makonde kuanza miaka ya 1950 mabomba hayajatosheleza. Kwa hiyo watu huchimba visima uani, wakavisakafia kwa saruji, na mvua ya masika inakusanywa kutoka kwenye bati hadi ardhini. Mama anajua kisima chake kina ndoo ngapi na kiangazi kina miezi mingapi. Anajua ni siku gani ya kumkatalia jirani na siku gani ya kutokumkatalia. Yusufu alipomshauri Farao kutenga sehemu ya tano katika miaka ya shibe alikuwa anasema lugha ambayo mama huyu ameizungumza tangu utoto.

Usharika unaweza kuhesabu kama yeye. Posho ya mtumishi ikadiriwe kwa mwaka, si kwa mwezi. Sadaka ya mavuno na mnada wa mazao nje ya kanisa vitenge kwanza miezi kumi na miwili ya chakula chake, ndipo yaje mabati na spika. Fedha hiyo ikae benki kwa sahihi za watu watatu, mmoja wao mwanamke. Mikorosho ya usharika iandikwe kwa jina la usharika, ili uhamisho wa mchungaji usilete kesi. Michango ya pensheni ipelekwe inakopaswa, kwa maana tunawafahamu waliokaa miaka thelathini katika nyumba za kanisa wakastaafu bila chumba.

Upande wa mchungaji, daftari lake la madeni lifunguliwe mbele ya mkewe kwanza, kisha mbele ya mtunza hazina na mzee mmoja anayeweza kunyamaza. Hili ndilo gumu kuliko yote, na wengi wetu tungependa kuhubiri Kumbukumbu la Torati yote kabla ya kulifanya. Lifanyike Agosti, maua yakiwa mtini, kabla mtu wa kangomba hajapita na kipimo chake.