Mbwa mdogo "mkaidi": jinsi ya kumzoesha kwenda haja nje

Mbwa wadogo wa ndani, kama vile Maltese, Shih Tzu, Chihuahua na Japanese Spitz, si wageni tena katika fleti za Nyali au majumba ya Diani na Malindi. Aghalabu anayepangusa mkojo wao si mwenye mbwa. Ni dada wa kazi au mtunza bustani, ambaye hakuulizwa kama anataka kuishi na mbwa, na pengine ana swala tano za kuzihifadhi na nguo zake zisipate najisi.

Malalamiko ni yale yale. Mbwa katolewa nje nusu saa, kanusa kila jani, hakufanya lolote. Karudishwa ndani, kaenda moja kwa moja kwenye zulia. Hapo huitwa mkaidi. Husuguliwa pua kwenye mkojo, hupigwa ndara, na akishindikana hugawiwa mtu au huachwa barabarani. Ukweli ni kwamba katika visa vingi ukaidi haumo kabisa. Kilichokosekana ni ratiba.

Kwa nini wadogo huwa wagumu zaidi

Kwanza, kibofu chao ni kidogo na hujaa upesi. Pili, makosa yao hayaonekani. Mbwa mkubwa akikojoa sebuleni nyumba nzima hushughulika, lakini cha mdogo ni kidimbwi nyuma ya kochi kinachogunduliwa baada ya siku mbili, naye kumbe kashazoea pale. Tatu, mbwa mdogo hubebwa sana. Anayebebwa mpaka nje hajifunzi kuutembelea mlango na kuomba kufunguliwa.

Nne ni ukubwa wa nyumba machoni pake. Mbwa kwa maumbile hapendi kuchafua anapolala. Lakini kwa mnyama wa kilo tatu, chumba cha wageni kisichoingiwa na mtu ni mbali kama uani. Na wakati wa masika tumbo lake linakaribia kugusa majani yaliyolowa, basi hukataa kutoka.

Ratiba ndiyo dawa

Makisio yanayotumiwa na wengi ni haya: mtoto wa mbwa anaweza kujizuia mchana kwa saa sawa na miezi ya umri wake, ukiongeza moja. Wa miezi miwili ni kama saa tatu, wa mitatu ni kama saa nne. Hicho ni kiwango cha juu, si lengo. Kwa mbwa mdogo anayeanza kufundishwa, mtoe kila saa moja au mbili mchana, na pia katika nyakati hizi bila kukosa:

- Anapoamka tu, asubuhi au baada ya usingizi wa mchana.
- Baada ya kula, kati ya dakika 5 na 30.
- Baada ya kucheza.
- Kabla ya watu kulala.

Mlishe kwa saa maalumu, kisha sahani iondolewe. Anayekula siku nzima huenda haja siku nzima, na hutajua lini. Maji ni jambo jingine. Usimnyime maji ili asikojoe, hasa katika joto letu la Januari na Februari. Mbwa mdogo huishiwa na maji mwilini haraka.

Ukimtoa, mfunge kamba na umpeleke mahali pale pale kila mara, kwa sababu harufu ya jana humkumbusha kilichomleta. Simama kimya. Tumia neno moja tu, liwe "haja" au lolote mtakalokubaliana nyumbani, na watu wote walitumie hilo hilo. Akimaliza, mpe papo hapo kipande kidogo cha nyama na umsifu. Ukingoja mpaka mrudi jikoni, yeye atadhani amelipwa kwa kurudi jikoni.

Kisha usimrudishe ndani mara moja. Mbwa akigundua kwamba matembezi hukatika punde anapokojoa, atajifunza kuchelewesha. Haja kwanza, matembezi baadaye.

Na yule anayerudi bila kufanya kitu? Mpe dakika 5 hadi 10. Asipofanya, mrudishe lakini asiachiwe nyumba. Mweke kwenye kizimba chake au mfunge kamba karibu na miguu yako kwa dakika 15, kisha mtoe tena. Rudia hadi afanye. Zulia huponea hapo.

Kizimba na uhuru wa kidogo kidogo

Kizimba si jela. Ni mahali pa kulala, penye kivuli na upepo, pa kumtosha kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Kikiwa kikubwa mno atalala upande mmoja na kuchafua upande wa pili. Asifungiwe humo muda kupita uwezo wake wa kujizuia, wala asipelekwe humo kwa adhabu.

Akiwa nje ya kizimba, awe mbele ya macho ya mtu. Anayenusa sakafu huku akizunguka, au anayeacha mchezo ghafla na kuelekea pembeni, anakwambia jambo. Chumba akishakizoea wiki kadhaa bila kosa, mfungulie cha pili. Mikeka na mazulia yakunjwe kwa sasa. Ukili ukishanywa mkojo hautoki harufu kwa urahisi.

Kosa likitokea

Ukimkuta katikati ya tendo, mwite kwa sauti ya kumshtua kidogo, mbebe nje, na akimalizia huko msifu. Ukikuta mkojo umeshapoa, usifanye lolote zaidi ya kupangusa. Mbwa huunganisha adhabu na kile anachokifanya wakati huo huo, hajui kwamba unazungumzia jambo la saa moja iliyopita. Anachojifunza kwa kipigo ni kwamba si salama kukojoa mbele yako. Basi nje hukataa ukiwa umemshika kamba, na ndani hujificha nyuma ya pazia. Kipigo chenyewe ndicho huzaa ule "ukaidi".

Wengi husema, "Lakini anajua amekosa, mtazame uso wake!" Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani, Alexandra Horowitz, alichapisha jaribio lililolichunguza jambo hilo. Uso wa hatia ulionekana zaidi mbwa walipokemewa na wenyewe, wawe wamekosa au hawakukosa. Ni uso wa kuogopa hasira yako. Zaidi ya hayo, kumtesa mnyama ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya.

Katika kusafisha, kausha kwanza kwa kitambaa, osha kwa maji na sabuni, halafu pitisha siki iliyochanganywa na maji. Dawa zenye vimeng'enya, zinazouzwa madukani pa vifaa vya wanyama, huua harufu vizuri zaidi. Epuka dawa zenye amonia, maana zinanukia kama mkojo na humwalika arudi. Usimwagie mkojo dawa yenye klorini kama Jik, kwani klorini ikikutana na amonia hutoa hewa inayochoma mapafu. Na siki na Jik zisichanganywe kamwe.

Wanaoishi ghorofani

Mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo, kwa kawaida hadi karibu wiki 16, asishushwe mahali wanapopita mbwa wasiojulikana. Ugonjwa wa parvo hukaa muda mrefu katika udongo na huua. Mtengenezee trei ya nyasi kwenye roshani na ufuate ratiba ile ile. Nyasi ni bora kuliko vitambaa, kwa sababu anayezoea kitambaa huona kila zulia ni choo.

Wakati si mafunzo bali ni daktari

Dume anayeinua mguu na kuacha matone kwenye miguu ya viti anaweka alama ya mipaka yake. Kuhasiwa mapema husaidia wengi. Mbwa anayevuja mkojo mgeni anapoinama kumshika ana hofu au furaha iliyozidi. Msalimie bila vishindo, wala usimkaripie. Lakini mbwa aliyekwisha kufuzu akianza kukojoa ndani ghafla, au akikojoa mara kwa mara kidogo kidogo, au mkojo ukawa na damu, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Huenda ni maambukizi, mawe kwenye kibofu au kisukari, na hakuna mafunzo yanayotibu hayo.

Haki ya jirani na ya mfanyakazi

Waislamu wengi wa pwani yetu hufuata madhehebu ya Shafi'i, ambayo huhesabu mate, mkojo na kinyesi cha mbwa kuwa najisi nzito, ya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wamaliki wana kauli nyingine, na hukumu ya kufuga tuwaachie masheikh. Lililo wazi ni kwamba mwenye mbwa asimtwishe mfanyakazi mzigo huu bila makubaliano. Ampe glavu, nguo za kazi na vyombo vya kando, na saa za kumtoa mbwa ziandikwe kama kazi, si fadhila. Na mfanyakazi naye akumbuke kwamba dini hiyo hiyo imesimulia mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Najisi si ruhusa ya kutesa.

Kinyesi kizolewe, iwe kwenye ngazi za fleti au ufuoni. Mayai ya minyoo ya mbwa huanguliwa mchangani, na viluwiluwi vyake huingia kwenye ngozi ya mtoto anayetembea pekupeku na kumwachia vijistari vinavyowasha. Dawa ya minyoo kwa mbwa ni kinga ya jirani pia, sawa na chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo hurudiwa kila mwaka.

Mbwa mdogo huhitaji miezi minne hadi sita ya utaratibu huu, na wengine zaidi. Udongo uwahi ungali maji, lakini hata mbwa mzima hufundishika kwa njia hizi hizi. Ukiona wiki mbili zimepita bila nafuu, kabla ya kumlaumu angalia daftari: je, alitolewa kwa saa zilizopangwa, na ni nani alimtoa?