Majimbo, ugatuzi na waasisi tusiowataja

Neno 'mwasisi' linatokana na kitenzi 'asisi', chenye asili ya Kiarabu, na maana yake ni kuweka msingi. Ni neno la vitabuni. Hapa kwetu Kapseret hutalisikia stejini wala sokoni. Watu husema tu 'wale wazee wa Uhuru' kisha wakaendelea na shughuli zao. Hata hivyo, neno lina kazi yake, kwa sababu linatulazimisha kuuliza: msingi gani uliwekwa, na aliyeuweka ni nani hasa?

Niliwauliza wanafunzi wangu wa Kiswahili waorodheshe waasisi wa serikali ya Kenya. Wote walimwandika Jomo Kenyatta. Wengi waliongeza Oginga Odinga na Tom Mboya. Moi naye hakukosa. Angekosaje, ilhali uwanja wa ndege ulio hapa Kapseret aliufungua yeye mwaka 1997? Lakini walimwandika kama rais wa pili, mtu wa Nyayo na maziwa ya shule waliyosimuliwa na wazazi wao. Ronald Ngala hakuwa kwenye daftari hata moja. Masinde Muliro, jirani yetu wa kule Kitale, alitajwa mara moja tu, tena kwa sababu kuna chuo kikuu chenye jina lake Kakamega.

Sidhani kwamba huu ni uvivu wa wanafunzi. Naona kuna neno lililozikwa, na watu wake wakazikwa nalo. Neno lenyewe ni 'majimbo'.

Tukumbuke, mpenzi msomaji, kwamba serikali tuliyoanza nayo tarehe 12 Desemba 1963 haikuwa ile KANU iliyoitaka. Chama cha KADU, kilichoundwa mwaka 1960 chini ya Ngala, Muliro, Moi na Taaitta Toweett, kilikuwa kimepigania katiba ya majimbo katika mikutano ya Lancaster House, London. Kikaipata. Nchi ikagawanywa katika majimbo saba, mbali na Nairobi, kila moja na bunge lake. Pakawa na Seneti ya kuyalinda. Rais wa bunge la Jimbo la Bonde la Ufa alikuwa Daniel arap Moi, mwalimu kutoka Baringo. Kwa hivyo huyu tunayemjua kama mshika usukani wa serikali kuu kwa miaka 24 alianza kazi ya kutawala akiwa mtu wa majimbo. Wanafunzi wangu walipigwa na butwaa niliposema hivyo.

Walichokiogopa wana-KADU si siri. Jamii ndogo ziliogopa kumezwa na zile kubwa, na zaidi ya yote ziliogopa suala la mashamba ya walowezi: yangeenda kwa nani? Haki isemwe pia kwamba baadhi ya walowezi wenyewe waliupenda mfumo huo, na ndiyo sababu KANU iliweza kuuita njama ya mkoloni. Mgala muue na haki yake mpe (methali yenyewe, kwa kweli, ina ukabila wake).

Majimbo hayakuona hata mwaka mmoja wa uhai wa maana. Serikali kuu iliyabania fedha, wabunge wa KADU wakahama mmoja mmoja, na tarehe 10 Novemba 1964 Ngala akatangaza kwamba chama kimevunjwa. Mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri. Moi akaingia katika baraza la mawaziri, na Januari 1967 akawa Makamu wa Rais. Seneti nayo ilikuwa imeshafutwa.

Hapo ndipo Kenyatta alipobaki peke yake kama Baba wa Taifa. Lakini ubaba huo hausikiki sawa kila mahali. Jirani yangu mmoja, mzaliwa wa hapa, ambaye baba yake alikuwa kibarua katika shamba la mzungu, hulitamka neno 'Mzee' akivuta silabi ya mwisho, kama mtu anayetaja deni. Kwake yeye Mzee ndiye aliyeacha ardhi iuzwe kwa wenye pesa, na waliokuwa nazo hawakuwa watu wake. Mama mmoja wa Langas, ambaye wazazi wake walichanga shilingi kwa shilingi katika kampuni ya kununua mashamba, hulitamka neno hilohilo kwa upole. Kwake Mzee ndiye aliyewatoa katika uskwota. Neno ni moja, eneo bunge ni moja. Mimi siwezi kumwambia yeyote kati yao kwamba anadanganya.

Neno 'majimbo' lingeweza kufufuka kwa heshima. Badala yake, mwaka 1991, wakati wa kudai vyama vingi, wanasiasa wa KANU wa Bonde la Ufa walilichukua wakalifanya tishio. Katika mikutano yao majimbo yalikuja kumaanisha kwamba 'wageni' warudi walikotoka. Mapigano yakafuata, na hapa Uasin Gishu Burnt Forest iliteketea. Kisha ikaja Januari Mosi 2008, na kanisa la Kiambaa. Baada ya hapo, nani angethubutu kuweka neno hilo katika katiba?

Wakati wa Katiba ya 2010 likashika usukani neno jingine: 'ugatuzi'. Ni neno safi, halina damu. Jambo la kushangaza ni kwamba Bonde la Ufa, chimbuko la majimbo, ndilo lililopiga kura nyingi za La katika kura ile ya maamuzi. Moi mwenyewe alikuwa upande wa La. Leo hapa hapa Kapseret ukigusa mgao wa kaunti utafukuzwa mkutanoni, na Seneti ile iliyofutwa imerudi.

Kuna wenzangu wanaodai kwamba ugatuzi ni majimbo yaliyovishwa kanzu mpya. Hapana bwana, tusirahisishe mambo. Kaunti 47 si majimbo saba, na haziwezi kumezwa na jamii moja kubwa ya kieneo kwa urahisi ule. Lakini wazo kwamba mamlaka yasirundikwe Nairobi, kwamba mtu wa pembeni awe na bunge la karibu naye, lilisemwa na Ngala na Muliro katika miaka ya mwanzo ya 1960, wakachekwa. Kama kuasisi ni kuweka msingi, basi nao waliweka, ingawa nyumba ilijengwa baada ya wao kuondoka. Ngala alifariki 1972, Muliro 1992.

Kitu kimoja hakikurudi. Jirani yangu yule amekuwa akifuatilia hatimiliki ya kipande chake. Huenda kwa miguu hadi ofisi ya ardhi mjini Eldoret, na mara ya mwisho aliniuliza kwa nini gavana hawezi kumsaidia. Nilimweleza kwamba ofisi ile iko Eldoret, lakini ni ya serikali ya kitaifa. Akasema, “Kumbe bado ni ya Mzee.”