Siri ya Elimu na Wenye Kuimiliki

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Elimu nayo ni mali, na historia ya Afrika ya Mashariki yatuonyesha kwamba yaweza kupotea vivyo hivyo.

Katika mwaka 1985 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, walianza kuchunguza afya ya makahaba wa Pumwani. Ikadhihirika kwamba wachache miongoni mwa wanawake hao, ijapokuwa walikabiliwa na virusi vya UKIMWI mara nyingi, hawakuambukizwa. Wataalamu wa Oxford wakajiunga na uchunguzi, na katika damu ya wanawake hao likapatikana wazo la chanjo. Majaribio yalianza Oxford mwaka 2000, na Nairobi mwaka 2001. Lakini mwaka ule wa 2000 wataalamu wa Nairobi walipata habari kwamba upande wa Uingereza umekwisha omba hataza bila ya kuwataja. Baada ya mabishano, pande mbili zilipatana kugawana haki. Chanjo yenyewe haikufaulu.

Mapatano ya kutunza siri yana kazi ya halali. Uvumbuzi uliotangazwa kabla ya kuombewa hataza waweza kunyimwa haki, kwa kuwa si mpya tena. Kwa hiyo washirika hufunga midomo. Walakini karatasi ikimkataza mtu kusema, isitaje mali ni ya nani, anayeumia ni mnyonge: hana hataza, wala hana ruhusa ya kulalamika.

Tena wapo wasiotia sahihi kamwe. Siri ya ugonjwa wa wanawake wa Pumwani ililindwa, kama ipasavyo. Bali katika ugomvi wa hataza waliogombana ni vyuo.

Nchini Tanzania, vibali vya utafiti hutolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Basi tumfikirie mtafiti afikaye Getanuwas, wilayani Hanang, kuwauliza wazee wafugaji dawa za miti. Kibali anacho. Lakini mzee akiisha kuutaja mti na ugonjwa unaotibiwa nao, habari imetoka, wala hakuna mapatano ya baadaye yawezayo kuirudisha. Kwa hiyo daftari na lifunguliwe kabla ya swali la kwanza, na jina la mzee liwemo.