Msitu uliookolewa na mkaa

Ukimwambia mtu kuna msitu uliookolewa na mkaa, atacheka. Tumezoea kuona vilima vikibaki vipara baada ya magunia ya mkaa kuondoka. Lakini kusini-mashariki mwa Uingereza kuna eneo linaitwa High Weald, lenye vilima vya miti na vishamba vya tangu Zama za Kati, ambalo lina hadithi tofauti.

Walioanza kufungua njia ni nguruwe. Kila vuli wakulima wa nje waliwaswaga hadi msituni wakale mbegu za mialoni. Malisho hayo yaliitwa denn, ndiyo maana hadi leo kuna Tenterden na Biddenden. Taratibu malisho yakageuka mashamba.

Kisha kikaja chuma. Mwaka 1496, huko Newbridge, lilijengwa mojawapo ya matanuru ya kwanza Uingereza ya kuyeyusha chuma mpaka kikatiririka kama uji. Matanuru yalikula mkaa vibaya mno, hadi Bunge la enzi za Malkia Elizabeth I likapitisha sheria za kubana ukataji miti.

Sasa, mbona msitu haukuisha? Jibu liko kwenye kisiki. Mti ulikatwa karibu na ardhi, kisiki kikachipua, na baada ya miaka kadhaa fito zikawa tayari kukatwa tena. Msitu uligawanywa vipande, vikakatwa kwa zamu. Mwenye tanuru alijua wazi: bila kuni za mwakani, tanuru litapoa. Mwanabotania Oliver Rackham alishikilia kwamba viwanda vya namna hii vilitunza misitu. Kilichoiangamiza hasa ni kung'oa visiki ili kupata shamba. (Sisemi mkaa wetu hauna madhara. Kule msitu ulikuwa na mwenyewe, na machipukizi yalizungushiwa uzio mifugo isiyatafune.)

Mwaka 1709 Abraham Darby alifanikiwa kuyeyusha chuma kwa makaa ya mawe yaliyookwa, na polepole mkaa wa miti ukakosa soko. Tanuru la Ashburnham, la mwisho High Weald, lilizimwa 1813. Fito ziliendelea kuuzwa kwa wakulima wa hopsi, lakini katika karne ya 20 shoka nazo zikanyamaza. Hapo ndipo matatizo yakaanza: matawi yakafunga anga, maua ya chini yakakosa jua, na vipepeo wanaoyategemea wakapungua.

Eneo lilipowekewa ulinzi mwaka 1983, mashamba na vijia vya zamani vililindwa pamoja na miti. Na baadhi ya misitu hiyo inakatwa tena kwa zamu, kwa makusudi, ili mwanga ufike chini.